Nyuki Watazoea

Mchwa wa Tabora hawaheshimu shahada ya mtu. Mwaka huu wamepanda ukutani nyuma ya kabati, wakaingia kwenye sanduku langu la bati kupitia kona iliyoliwa na kutu, na sanduku lenyewe ndilo lile nililokuwa nimelisahau kwa makusudi tangu nilipostaafu. Nimelazimika kulikokota mpaka uani, kuvunja kufuli kwa nyundo kwa kuwa ufunguo sijui niliutupa wapi, na kutandaza karatasi zote kwenye mkeka juani. Nimeziwekea vipande vya matofali zisipeperuke. Mgongo unaniuma, jua ni kali, na mchwa wenyewe bado wanatembea kati ya mistari kana kwamba nimewaalika.

Karatasi hizo ni madodoso. Dodoso, kwa asiyelijua, ni karatasi ya maswali ambayo muulizaji ameshaamua majibu yake yatakuwa mangapi. Haya niliyajaza kwa mkono wangu katika kijiji kimoja kando ya barabara ya kutoka Tabora kwenda Nzega, miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, nilipokuwa mwanafunzi wa sosholojia katika chuo kikuu cha ng'ambo. Kila kaya na lake. Leo natafuta moja tu, la baba yangu. Pembeni mwa dodoso hilo kuna maneno niliyoyaandika kwa penseli kwa sababu aliniomba niyaandike, na nataka kujua kama bado yapo. Nikiyapata sijui nitayafanyia nini. Kwa umri wangu mtu hutafuta vitu kwa mazoea tu.

Uhuru ulinikuta shule ya sekondari ya wasichana, nikiwa na sketi mbili, moja mwilini na nyingine kambani. Baada ya hapo nikafundisha miaka michache, kisha nikapewa nafasi ya kwenda kusoma nje. Nchi ilikuwa changa na ilikuwa na njaa ya wasomi. Ilitutuma ughaibuni kama mama anayetuma watoto kisimani kwa kila chombo kilichopo ndani, hata sufuria iliyotoboka. Nilipomwambia baba kwamba nakwenda kusomea sosholojia, aliniuliza ndiyo kitu gani. Nikamwambia ni habari za watu, jinsi wanavyoishi pamoja.

"Kwani hizo hapa hazipo?" akauliza.

Hakuwa ananitania. Baba alikuwa mkulima na mrina asali. Mimi alizoea kuniita mayu, yaani mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Tulikaa ndani ya msitu wa miyombo, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka barabarani, karibu na njia ya zamani ya misafara. Njia hiyo ilikuwa bado inaonekana, imechimbika kwa nyayo za wapagazi, na masika maji yalipita humo kama mfereji. Babu yake baba alikuwa mmoja wao. Alibeba pembe mpaka pwani, akarudi na kaniki na kikohozi. Baba yeye hakwenda kokote. Alikuwa na mizinga yake ya magome juu ya miti, kila mmoja una alama aliyoichora kwa kisu, na kila kiangazi alipiga kambi msituni akirina wiki nyingi mfululizo. Hakuna mtu aliyegusa mzinga wenye alama ya mwenzake, hata akifa njaa chini yake. Mama alifariki nikiwa bado shule ya msingi, na nadhani tangu hapo baba aliongea zaidi na nyuki kuliko na watu. Jumapili tu ndiyo alitoka, akaenda misheni kupiga tarumbeta. Siku ya kuondoka kwangu yeye na wenzake walinipigia tarumbeta mpaka lori likapotea machoni. Nilikuwa na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nikaja kuvila chumbani ugenini kimoja kimoja mpaka vikaisha.

Nimesoma vyuo viwili vya ng'ambo, katika nchi mbili, zote za baridi. Cha kwanza kilinifundisha kwamba mkulima hajui kinachomsibu. Cha pili kilinifundisha namna ya kumhesabu. Nasema hivi kwa uchovu, si kwa uchungu. Walimu wangu walikuwa watu wema, na mmoja wao alinipa koti la marehemu dada yake, ambalo nilivaa mpaka likaisha manyoya. Lakini darasani kila Afrika ilipotajwa, vichwa vyote viligeuka kunitazama, na mimi nikajibu. Nilikuwa sijafika hata Mwanza. Nilieleza maisha ya wavuvi, nilieleza jangwa, nilieleza miji ambayo niliijua kwenye ramani kama wao walivyoijua. Mtu akiulizwa kila siku huanza kuamini kwamba anajua. Huo ndio ugonjwa nilioupata kule, na haukuwa mafua.

Mwaka wa pili walitupeleka shambani kwa mazoezi, kwa wakulima wa viazi wa nchi ileile. Nilipangiwa nyumba ya mzee mmoja mwenye ng'ombe wawili na viatu vya mbao. Alinikaribisha ndani, akanipa maziwa ya moto, akajibu maswali yangu matano ya kwanza. La sita akaniuliza yeye: "Na baba yako huko kwenu, ameshaulizwa haya?" Nikacheka. Kwenye ripoti nikaandika kwamba mhojiwa alikuwa mcheshi, mwalimu akaweka alama ya vema pembeni. Tulirudi chuoni tukiimba ndani ya basi. Nilikuwa kijana, na kuuliza watu maswali kulinipa raha kama ya mtu aliyepewa ufunguo wa kila nyumba.

Barua ya baba ilinifikia nikiwa karibu kumaliza chuo hicho cha kwanza. Baba alisoma Biblia kwa kufuatisha kidole, lakini kuandika kulimshinda, kwa hiyo aliyemwandikia alikuwa mwalimu wa misheni. Ilianza kwa salamu za watu wote, mmoja mmoja, ukurasa mzima, halafu ikaja habari yenyewe. Kwamba wametangaziwa wahamie barabarani, kwenye kijiji kipya. Kwamba watu wamegawanyika, wengine wanataka, wengine hawataki. Kwamba yeye mizinga yake iko huku msituni na nyuki hawajui barabara. Mwisho ikasema: "Sasa wewe mayu, uliyesoma habari za watu, unasemaje? Neno lako linangojwa."

Nilimjibu siku ileile baada ya chakula cha mchana, nikiwa maktaba karibu na bomba la joto. Nilikuwa najiandaa kwa mtihani na kichwa kilikuwa kimejaa maneno makubwa, nikayamwaga yote, kurasa tatu. Nilimweleza habari ya maji ya bomba, shule na zahanati. Nilimwambia kuishi mbalimbali ndiko kulikotuchelewesha. Nilimwambia babu zetu walitembea mpaka pwani na mizigo mabegani, iweje sisi tushindwe na mwendo wa saa nne? Na kuhusu mizinga niliandika maneno mawili ambayo nimeishi nayo muda mrefu kuliko nilivyoishi na marehemu mume wangu: nyuki watazoea.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka. Kwetu barua ya mtu aliye mbali haikuwa ya mtu mmoja. Tangu enzi za misafara kila nyumba ilikuwa na mtu wake njiani, na aliyerudi na habari alizieleza mbele ya wote, maana huwezi kujua ni habari za nani nyingine zimo ndani yake. Barua zilipokuja, desturi ikabaki. Barua ilifunguliwa Jumapili baada ya ibada, nje ya kanisa, ikasomwa kwa sauti kuanzia salamu hadi sahihi. Utotoni nilisikia barua za watu waliokuwa migodini na kwenye mashamba ya mkonge, nikacheka na kulia kwa barua zisizonihusu. Lakini kule ugenini barua huingia kwenye kisanduku chenye jina lako, unaifungua peke yako, unaisoma peke yako, unainyamazia peke yako. Miaka ya namna hiyo ilinitosha kusahau. Nilijua namwandikia baba, basi.

Jibu lake lilichukua miezi. "Tumeshahama. Tunamshukuru Mungu. Soma kwa bidii." Nikafurahi, nikaliweka kwenye kitabu kuwa alama ya ukurasa.

Chuo cha pili kilinipokea kwa shahada ya juu. Msimamizi wangu, mama mmoja mwembamba aliyependa majedwali kuliko chakula, aliona ni jambo la maana nirudi kwetu kutafiti kwa nini watu walikubali kuhama. Tulitunga dodoso pamoja. Swali alilolipenda ni la kumi na saba: Nani alikushauri kuhama? Majibu manne. Serikali. Chama. Ndugu au jirani. Niliamua mwenyewe. Nikauliza kama tusiongeze la tano, la kitu kingine chochote, akasema majibu yakizidi mashine itatusumbua. Zama hizo majibu yalitobolewa kwenye kadi, na kadi zikalishwa mashine yenye ukubwa wa kabati la nguo.

Nilifika Tabora kwa treni, na kijijini kwa lori lililokuwa linakwenda Nzega kuchukua pamba. Nyumba zilipangwa safu mbili zilizonyooka. Kati ya nyumba na barabara palibaki miti michache, na juu ya miti hiyo ilining'inia mizinga michache iliyoletwa kutoka msituni. Niliitambua alama ya baba kabla sijamwona baba mwenyewe. Mizinga ilikuwa kimya. Vumbi la malori lilikuwa limeifunika, na kwenye mmoja ndege alikuwa ametengeneza kiota.

Mwanamke aliyekuwa anatwanga aliniona, akaacha mchi. Alikuwa jirani yetu wa zamani kule msituni.

"Karibu, mwenye barua," akasema. "Umekuja kuangalia kama nyuki wamezoea?"

Akacheka, na wenzake wakacheka, kicheko cha utani kisicho na ubaya. Na mimi nikacheka bila kujua nacheka nini.

Kazi niliianza kesho yake asubuhi, na nilianza kwake. Tulikwenda vizuri mpaka swali la kumi na saba. Nikamuuliza nani alimshauri kuhama.

"Wewe," akasema.

"Mimi?"

"Si barua yako? Ilisomwa pale nje ya kanisa. Mwalimu aliisoma mara mbili, maana wengine walikuwa wamechelewa. Watu walikuwa wanabishana tangu kiangazi, wewe ukamaliza ubishi. Tukasema, kama mtoto wetu aliyesoma huko mbali anasema twende, sisi ni nani?"

Nilikaa na kalamu mkononi. Mimi nilikuwa nani kwake? Sikuwa serikali wala chama. Alikuwa amenibeba mgongoni nikiwa mchanga. Nikaweka alama kwenye jibu la tatu, ndugu au jirani. Nyumba ya pili ikawa vilevile. Nyumba ya tatu mzee alinijibu kabla sijamaliza swali, akaniambia asante kwa ushauri, na sikuweza kujua kama ananikejeli. Niliendelea siku baada ya siku, nikiwauliza watu nani aliwashauri na watu wakinijibu ni mimi, na mimi nikiandika tatu, tatu, tatu. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Wachache walijibu serikali, na hao niliwashukuru moyoni kama watu walionipa kivuli.

Katibu wa kijiji, bwana mmoja ambaye suruali yake ilinyooshwa pasi hata siku ya kulima shamba la pamoja, alikuja kunisalimia kwa nia njema kabisa.

"Ndugu mtafiti, barua yako ilitusaidia mno," akasema. "Ng'ambo ya mto tulilazimika kwenda na mgambo kuezua mapaa. Kwenu watu walijiezulia wenyewe."

Sitasema uongo. Shule ilikuwepo, na wasichana walijaa humo kuliko misheni ilivyowahi kuwachukua. Zahanati ilikuwepo, na siku nyingine dawa pia. Bomba la maji lilisimama katikati ya kijiji, kavu, wanawake wanaanikia kanga juu yake. Si kila nilichoandika kwenye ile barua kilikuwa uongo. Uongo ulikuwa kwamba najua.

Baba nilimwacha wa mwisho. Nilikuwa nalala kwake na kula kwake, lakini dodoso lake nililisogeza kila siku. Barua hakuitaja hata mara moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza: "Mbona nyumba zote umeandika, yangu unairuka? Au mimi si mtu wa kijiji hiki?" Asubuhi iliyofuata alivaa koti lake la tarumbeta, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mgongo. Nikamwamkia upya, shikamoo baba, akaitikia marahaba kwa sauti ya mbele ya watu, tukaanza.

Alijibu kama mtu aliye mbele ya hakimu. Umri alikadiria. Watoto, mmoja, yuko masomoni. Kazi, mrina asali. Nikamwambia swali linataka kazi anayofanya sasa hivi, akarudia: "Mrina asali." Tulipofika la kumi na saba nilitaka kuliruka, lakini alikuwa ananitazama mdomoni.

"Nani alikushauri kuhama?"

Hakuwa na hasira. Ningeshukuru kama angekuwa nayo.

"Binti yangu," akasema. "Andika."

Nikaandika. Kisha akasema, kana kwamba na hilo limo kwenye swali: "Babu zako walikwenda pwani, mayu, hilo ulisema kweli. Lakini walikwenda ili warudi."

Nikainamia karatasi, nikamuuliza habari za mbolea na redio, ndiyo maswali yaliyobaki.

Tulipomaliza akauliza, "Sasa pana mahali pa mtu kusema anachotaka?"

"Hakuna, baba. Ni haya maswali tu."

"Na hapa penye weupe?" Kidole chake kilikuwa kwenye ukingo wa karatasi.

"Hapo ni pembeni tu. Hapaandikwi kitu."

"Basi si pako wazi? Andika hapo. Andika kwamba mzee huyu anaomba ruhusa ya kurudi kwenye mizinga yake iliyobaki msituni. Havunji kijiji. Ni yeye tu, na Jumapili atakuwa anakuja kanisani."

Nilijua kwa nini anaomba ruhusa. Wazee wawili walikuwa wamejirudia msituni bila kuaga, mgambo wakawafuata, wakawarudisha mchana mbele ya wajukuu zao. Baba hakuwa mtu wa kurudishwa hivyo. Nikaandika kwa penseli, maneno yake yaleyale, mistari mitatu midogo. Akataka nimsomee, nikamsomea. Akasema niongeze kwamba nyuki bado wako kule. Nikaongeza, na yeye akavua koti, akalitundika, akaenda kuchunga mbuzi wa jirani.

Chuoni wanawake wawili walitoboa kadi kwa majuma kadhaa. Pembeni hapakutobolewa. Nilimpelekea msimamizi wangu dodoso la baba, nikamtafsiria yale maandishi. Aliguswa kweli, akavua miwani akaifuta. Halafu akasema hiyo ni habari ya mtu mmoja, na sisi tunatafuta ya wengi. Jedwali la swali la kumi na saba lilipotoka alilishika kwa mikono miwili. Jibu la tatu lilikuwa limemeza mengine yote.

"Umeona?" akasema. "Walishauriwa na watu wao wenyewe. Hili halijaandikwa na mtu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Ilitosha sentensi moja, kwamba huyo mtu wao ni mimi. Lakini muda wa ufadhili wangu ulikuwa unaisha, nje theluji ilikuwa inaanguka kwa mara nyingine tena, na nilikuwa nimekaa miaka mingi mno mbali na kwetu. Niliogopa kuambiwa nianze upya. Nilitaka kwenda nyumbani. Nikasema asante, nikaandika sura ile kama alivyoshauri, nikapewa shahada, nikapigwa picha na kofia. Naona aibu tangu siku hiyo. Nalisema jambo hili waziwazi kwa kuwa nimechoka kulizunguka.

Niliporudi nilipangiwa kufundisha chuo kimoja hapahapa Tabora mjini. Kijijini walinipokea kwa tarumbeta. Baba hakuuliza habari za shahada. Alisubiri watu watawanyike, akanivuta kando.

"Ile ya pembeni, walisoma?"

"Bado wanasoma, baba," nikamwambia.

Nilijaribu. Nilipiga pasi gauni, nikaenda kwenye ofisi iliyohusika na mambo ya vijiji, nikamwombea mzee mmoja ruhusa ya kurudi kwenye mizinga yake. Ofisa alikuwa mpole, akaagiza chai. Akafungua kabati akatoa muhtasari wa utafiti wangu, ule nilioupeleka mwenyewe kama utaratibu ulivyotaka. Ulikuwa umepigwa mistari kwa kalamu nyekundu.

"Lakini mwalimu, wewe mwenyewe umeandika hapa kwamba walihama kwa kushauriwa na ndugu zao. Mtu aliyehama kwa hiari yake anarudi wapi? Nikimruhusu huyu, kesho watakuja wote."

"Huyu ni baba yangu," nikasema.

"Basi ndiyo vizuri zaidi. Mshauri. Wewe anakusikiliza."

Alisema hivyo bila kejeli, naye akanisogezea bakuli la sukari. Nikanywa chai yangu, nikaaga. Kwa baba sikupeleka habari hiyo. Kila nilipokwenda kumsalimia aliniuliza lilelile, na mimi nikamjibu lilelile, na kadiri miaka ilivyokwenda uongo ule ukawa kama sehemu ya maamkizi yetu: shikamoo, marahaba, walisoma, bado. Mizinga ya barabarani ilianguka mmoja mmoja, akaipasua kuni. Baadaye sana watu walianza kurejea msituni kidogokidogo, bila kumwomba mtu ruhusa na bila mtu kuwauliza. Wakati huo miguu ya baba ilikuwa imevimba. Mwendo wa saa nne ulikuwa umeshamshinda.

Siku za mwisho alilazwa hospitali hapa mjini. Nilikuwa nampelekea uji wa ulezi mchana, kabla ya vipindi vyangu vya alasiri. Alikuwa amesahau majina ya wengi, na siku nyingine aliniamkia mimi shikamoo, akidhani kweli ni mama yake. Mchana mmoja akili ilikuwa imemrudia. Akanishika mkono.

"Mayu, ile ya pembeni. Wamefika wapi?"

"Bado wanasoma, baba."

"Waache wasome taratibu," akasema. "Watu wenyewe wana kazi nyingi."

Akamaliza uji wote siku hiyo. Wiki iliyofuata tulimzika kijijini, kando ya barabara, na tarumbeta zilipopigwa malori yalipunguza mwendo.

Dodoso lake nimelipata sasa hivi, karibu na chini ya rundo. Nimelikung'uta, nimelifuta udongo kwa ncha ya kanga. Mchwa huanzia pembeni, hilo kila mwenye vitabu hapa Tabora analijua, na mimi sikulifikiria nilipokuwa natafuta. Wamekula ukingo wote, kutoka juu mpaka chini, na maneno ya baba hayapo, hata herufi moja. Katikati hawajagusa. Swali la kumi na saba linasomeka vizuri, na majibu yake manne, na alama yangu ya wino kwenye la tatu.